Jina la Nyanya: Nilipokosea Mimi

Wiki jana msomaji mmoja aliniandikia saa nane za usiku. Ana mimba ya miezi minane. Mama mkwe anataka jina la marehemu dadake, mama mzazi anataka lake mwenyewe. "Nifanyeje?" Nilicheka, kisha kicheko kikaniisha.

Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri, mume wangu ni Mjaluo wa Siaya. Kwetu hakuna kubahatisha: mvulana wa kwanza ni wa babu wa upande wa baba, wa pili wa babu wa upande wa mama; wasichana nao hivyo hivyo kwa nyanya zao. Awe hai, awe marehemu, zamu ni zamu. Nilipojua nina msichana nikamwendea mama mkwe kwa furaha kumwambia anapata wajina. Aliweka kikombe chini taratibu, akaniita binti wa Nyeri kwa Kijaluo.

"Nyar Nyeri, mnanizika nikinywa chai?"

Kwao jina la ukoo hurithiwa kwa aliyetangulia, na mara nyingi yeye mwenyewe huja ndotoni kulidai. Hakuna aliyeniambia. Mume wangu alijua, lakini yeye ni mtu wa "tutaona".

Nikampigia mama. Akasema, "Kama wamekataa zamu yao, basi zamu ni yangu." Sikuwa na la kumjibu. Mama alizaa mabinti watatu. Mwenye wavulana hupata wajina upesi, kila mwana akimzalia; mama wa mabinti husubiri msichana wa pili wa kila binti. Dada yangu mmoja hajaolewa, ndiyo maana mwanawe alichukua jina la baba yetu moja kwa moja. Mwingine ana wavulana watupu. Mama ni Nyambura, na Nyambura mdogo hakuwepo hata mmoja.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Siku ya pili hospitalini, mume wangu ameenda kujaza chupa ya chai, muuguzi akaja na karatasi. "Mtoto anaitwa nani?" Nikaandika Nyambura. Kalamu yenyewe ilikuwa inakwama, nikalazimika kuipitia ile herufi ya N mara tatu. Sikumwambia mtu. Sheria ya Kenya inampa mzazi miezi 6 kabla usajili haujahesabiwa kuwa umechelewa; mimi nilijipa dakika kumi.

Tukarudi nyumbani, mtoto akawa analia usiku kucha. Mama mkwe akaja, akambeba, akaanza kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya lingine. Alipotaja Akoth, shangazi ya mume wangu, mtoto akanyamaza. (Alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimempokea na kumpa titi, lakini nani angenisikiliza?) Tangu hapo akawa Akoth. Mimi kimya.

Mambo yalilipukia kliniki, chanjo ya wiki ya sita. Muuguzi anaita "Nyambura!" na mume wangu anamwambia kwa upole kwamba amekosea kitabu. Nikasimama. Alivyonitazama siku ile sijasahau, na sidhani kama na yeye amesahau.

Kuongeza Akoth kwenye cheti kulitugharimu safari nne, kiapo mbele ya wakili na nakala za vitambulisho zisizoisha. Nyambura likabaki katikati. Mama alikataa hata kulisherehekea. "Jina la katikati," alisema, "ni kama kiti cha katikati cha matatu. Unabebwa lakini dirisha ni la wenzako." Sherehe ya mwaka mmoja hakuja.

Mvulana alipozaliwa hatukujadili hata dakika tano. Babu yake wa Siaya alikuwa ametangulia, kwa hiyo pande zote mbili zilikubali. Na hatuzai tena.

Kwa hiyo, dada yangu wa saa nane za usiku: ongea na mumeo sasa, kabla uchungu haujaanza. Usikubali "tutaona". Muulize kwao wanampa nani jina, aliye hai au aliyekufa, na nani ana kauli ya mwisho. Halafu ongea naye tena. Wewe mwenyewe nenda kwa mama yako, usitume simu. Na karatasi ya hospitali msiijaze mpaka mko wote wawili. Wanawake tunapenda kushinda kimya kimya, tukidhani tumewatendea mema mama zetu. Hapana. Jina lililoandikwa kwa kuibia, hata mwenyewe ataliona limeibwa.

Juzi binti, sasa yuko gredi ya kwanza, alikuja na kazi ya kuuliza maana ya majina yake. Akoth, aliyezaliwa wakati wa mvua. Nyambura, wa mvua. Nilibaki na penseli mkononi. Nikampigia mama mbio kumweleza kwamba majina yote mawili ni mvua ile ile.

Alinyamaza kidogo. "Mvua ya Siaya hainyeshei kahawa yangu," akasema, kisha akaniuliza mbolea imefika bei gani Nairobi.