Wanafunzi wa mtandaoni wasiosemezana

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako 60 wa kozi ya mtandaoni wanawasilisha kazi kwa wakati lakini hawasemezani hata neno. Mimi ningeanza na ukubwa wa kundi. Mbele ya watu 60 kila mtu hujificha. Wagawe watano watano, na makundi hayo yasibadilishwe hadi kozi iishe. Watu huzoeana kwa kukutana tena na tena, si kwa kujitambulisha mara moja wiki ya kwanza.

Kisha tazama maswali unayowapa. Swali lenye jibu moja likishajibiwa na wa kwanza, wengine watabaki na nini cha kusema? Wape kazi ambayo kila mmoja ameshika kipande chake: huyu takwimu, yule hoja ya kupinga, mwingine muhtasari. Hapo watatafutana wenyewe.

Na wewe uonekane. Watafiti wa elimu Garrison, Anderson na Archer waliandika mwaka 2000, huko Kanada, kwamba kujifunza pamoja kwa njia hii kunahitaji uwepo wa aina tatu: wa kijamii (watu kujuana kama watu), wa kifikra (kujenga maana pamoja) na wa kiualimu (mwalimu kupanga na kuongoza). Huo wa tatu tunausahau mno. Usijibu kila ujumbe, maana ukiwahi wewe mazungumzo yanakufa. Ila mtaje mtu kwa jina, umwunganishe na mwenzake aliyesema jambo linalokaribiana na lake.

Kamera usiwalazimishe, tafadhali. Wengine wana intaneti dhaifu, wengine hawana chumba cha faragha. Sauti na maandishi vinatosha.