Dada, usichukue mnofu wa samaki usio na ngozi

Dada, mpigie muuza samaki sasa hivi uifute oda hiyo. Umeandika kwamba utaandaa samaki wa kuloweka katika ndimu, embe na papai usiku kucha, kiwe chakula cha kuanzia mlo wa Rosh Hashana, sikukuu ya mwaka mpya wa Kiyahudi, nyumbani kwa mwajiri wako huko London, na kwamba umeshawekewa minofu myeupe isiyo na ngozi kwa sababu muuzaji amekuhakikishia kuwa ni halali kwa Wayahudi. Neno lake halitoshi.

Sheria imo katika Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14: samaki awe na mapezi na magamba, na wanazuoni wao hutaka gamba liwe la kubanduka bila kuchana ngozi. Ngozi ikishachunwa, huna ushahidi wowote mkononi. Ndiyo maana familia zinazoshika sheria hiyo hununua samaki mwenye ngozi yenye magamba, au aliyefungwa kwa muhuri wa msimamizi wanayemwamini; samoni ndiye ambaye wengi humkubali bila ngozi, kwa sababu ya rangi ya nyama yake.

Nilipokuwa nikipika katika nyumba kama hiyo, muuza samaki aliniapia kwamba minofu aliyonifungia ilikuwa ya changu. Mama mwenye nyumba alipoomba kuona ngozi, sikuwa na cha kumwonyesha, na alipopiga simu dukani, yule yule aliyeapa akakiri kwamba ni pangasi, samaki wa jamii ya kambare, asiye na gamba hata moja na anayeuzwa kwa bei ya chini. Hasara haikuishia kwa samaki. Kwa sheria yao, kitu kilicholowekwa saa 24 huhesabiwa kana kwamba kimepikwa, na katika maji makali kama ya siki muda huo huwa mfupi zaidi, kwa hiyo hata mabakuli yaliyokuwa na ile ndimu, kana kwamba samaki yule alipikwa ndani yake, yaliwekwa kando hadi rabi aulizwe. Wageni walianza mlo bila samaki. Bado ninamkasirikia mtu yule, kwani alijua wazi kwamba samaki anakwenda kwenye meza ya ibada ya watu, akadanganya kwa faida ya pauni chache.

Basi nunua changu mzima mwenye magamba yake, naye aparuliwe na kukatwa mbele yako kwa kisu na ubao wa nyumba hiyo, maana kisu cha dukani kimekwishapita kwenye kamba na ngisi, ambao hawana magamba. Mgandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 kamili, kwa kuwa ndimu huifanya nyama iwe nyeupe lakini haiui minyoo. Papai bichi liache kabisa, kwani kimeng'enya chake huifanya nyama iwe uji. Embe, maji ya chungwa na punje za komamanga, tunda la sikukuu yenyewe, zinatosha, tena kwa nusu saa tu.

Halafu muulize mama mwenye nyumba leo kama wao hula vitu vichachu siku hiyo, kwa sababu baadhi ya familia huviepuka ili mwaka uanze kwa utamu. Mwonyeshe na ile ngozi kabla ya jua kutua, kwa kuwa sikukuu ikishaingia hakuna atakayeruhusiwa kwenda kununua samaki mwingine.