Mahindi ya ghalani: usichukue hiyo asilimia 70

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umesema una gunia 80 za mahindi hapo Sumbawanga, ghala limekubali kuzipokea, na afisa mikopo amekuahidi mkopo wa asilimia 70 ya thamani yake, mzigo ukiwa dhamana. Unauliza ghala lipi zuri, nyaraka zipi zinatakiwa, na kama unaweza kwenda peke yako bila chama cha ushirika. Mimi nimekwama hapo kwenye 70.

Julai 2017 niliweka gunia 120. Siku hiyo gunia kwetu lilikuwa shilingi 45,000, mzigo ukathaminiwa milioni 5.4, nikapewa 3,780,000. Riba asilimia 2 kwa mwezi, na ghala 500 kwa kila gunia kwa mwezi. Mwanzoni mwa mwaka ule mahindi yalikuwa yamepaa sana kwa sababu ya ukame, na yule afisa akang'ang'ania hapo hapo: "Mzee, Januari haijawahi kumwangusha mtu." Zuio la kupeleka mahindi nje lilikuwa limeshatangazwa tangu Juni. Nilimuuliza. Akasema ni la muda tu. Ni kweli lilikuja kuondolewa, ila Nyanda za Juu Kusini tulikuwa tumejaza mahindi kila kona, na jirani zetu Zambia nao walikuwa wamevuna kuliko miaka yote.

Novemba napigiwa simu: bei imeshuka, dhamana haitoshi, ongeza gunia 30 au rudisha sehemu ya deni. Gunia 30 nizitoe wapi, na pesa ilishaingia kwenye mbolea na ada? Kumbe kifungu hicho kilikuwemo kwenye mkataba, ukurasa wa tatu, na kingine chini yake kinachowaruhusu wao wenyewe kuuza mzigo wangu. Huyo kijana alikaa kwangu, akanywa chai, akanipigia hesabu ya faida ya Januari kwenye karatasi mpaka mke wangu akafurahi, na hesabu ya bei kushuka hakuigusa. Alikuwa anaijua! Yeye anapimwa kwa mikopo aliyotoa. Bei yangu ya Februari haimhusu.

Februari 2018 nikauza kwa 27,000. Zikapatikana 3,240,000. Mkopo na riba ya miezi saba 4,309,200, ghala 420,000. Pengo 1,489,200. Nikauza maksai wangu wawili nikajazia. Novemba iliyofuata wenzangu wanapita na plau, mimi na wanangu tuko na majembe ya mkono, na mvua haikutusubiri.

Sasa sikia. Kopa theluthi. Theluthi ya bei ya siku unayoingiza mzigo, basi, hata wakikubembeleza. Hata nusu ni nyingi mno, nimeshaipigia hesabu mara nyingi usiku: kwa bei ile ile ya 27,000, ningekopa nusu ningedaiwa 258,000 juu. Ningekopa theluthi, yaani 1,800,000, ningelipa riba na ghala nikabaki na 768,000 mkononi na maksai zizini. Hasara ya bei ingekuwepo, lakini isingevuka ghala kuja kula vitu vya nyumbani. Kuna watakaosema huo ni woga. Waseme, kwa mwoga huenda kicheko, na mimi nataka kicheko kiwe kwenu.

Tena utakata hiyo theluthi kwa bei ya sokoni kwenu leo. Atakayekutajia bei ya Januari mwambie aiandike kwenye mkataba na asaini.

Kuhusu nyaraka, stakabadhi ya ghala (risiti ya mzigo uliouweka) kwa sheria ya 2005 ina hati mbili, ya umiliki na ya dhamana. Ya dhamana anakaa nayo mkopeshaji, na mzigo hautoki ghalani mpaka zote mbili zikutane. Kwa hiyo ukishakopa usidhani utachomoa gunia tano za ugali. Za kula bakiza nyumbani kabla hujapakia. Na anika vizuri, wakipima unyevu ukazidi asilimia 13.5 watakurudisha nazo.

Ila theluthi, mkuu. Hujasaini bado, sivyo? Weka hapa bei ya gunia kwenu leo, riba waliyokutajia na tozo ya ghala kwa mwezi, nikupigie hesabu ya bei ikishuka hadi nusu. Leo nipo mpaka usiku.