Kwa Baiskeli Milimani Pamir

SWALI: Mimi na mwenzangu twataka kuendesha baiskeli kutoka Osh, Kirigizistani, hadi Khorog, Tajikistani, mwezi wa Julai. Tumezoea njia ya Nyali na Mtwapa tu. Tujihadhari na nini?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Urefu wa milima kwanza. Nyinyi mwatoka usawa wa bahari, na njia ya mlimani ya Ak-Baital, huko Tajikistani, hufika mita 4,655. Mkishapita mita 3,000, pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pa jana, na kila baada ya siku tatu mpumzike. Sary-Tash, kijiji cha Kirigizistani kabla ya mpaka, panafaa kulala siku mbili. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, msipande tena. Mkizidiwa, shukeni hata kama ni usiku.

Tairi nyembamba ziacheni nyumbani. Kokoto na makorongo ya barabara huvunja spoku, hasa za gurudumu la nyuma lenye mzigo. Chukueni tairi za upana wa milimita 45 kwenda juu.

Mkifungasha kwa ndege, pedali ya kushoto hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Wengi hulazimisha kinyume, nyuzi za skrubu zikaisha.

Gorno-Badakhshan, mkoa wa Tajikistani ulio na Khorog, yataka kibali chake mbali na viza. Mpaka wa Kyzyl-Art, kati ya Kirigizistani na Tajikistani, umewahi kufungwa miaka kadhaa, basi ulizieni kabla ya kukata tiketi.