Kigoda cha miguu mitatu na chombo cha Mwezini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi seremala, Tanga. Mwanangu ana picha ya chombo kilichowashusha Wamarekani Mwezini mwaka 1969, nacho kina miguu minne. Kwa kazi yetu, kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mashimo. Cha minne unakiranda na kukipima mpaka uchoke. Huko Mwezini hakuna sakafu kabisa. Mbona hawakuweka mitatu?

JIBU: Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, maana wahandisi wa Grumman, waliokiunda chombo kile huko Bethpage, New York, nao waliipima miguu mitatu. Ndiyo iliyokuwa myepesi kuliko yote. Tena inafanya kazi: Surveyor 1, chombo kisicho na mtu, kilitua Mwezini Juni 1966 kwa miguu mitatu, salama salimini.

Ila kuyumba ni jambo moja, kupinduka ni jingine. Chukua chaki, chora duara sakafuni, sentimita 30 toka katikati hadi ukingoni. Weka alama tatu ukingoni kwa nafasi sawa, ziunganishe kwa rula, kisha pima toka katikati hadi kwenye mstari ulio karibu. Utapata sentimita 15. Uzito ukivuka mstari huo, kigoda kinalala. Sasa weka alama nne: utapata 21. Tano: 24. Umeona? Mguu wa nne umekupa sentimita sita, wa tano tatu tu, na uzito wake ni uleule. Grumman waliifikiria hata mitano, wakaishia minne. Na mguu mmoja ukivunjika kati ya mitatu, hakuna tena cha kusimamia, na juu yake wamo watu wawili wanaotaka kurudi nyumbani. Mimi hapo nisingebishana nao.

Minne ilikubaliana pia na umbo la chombo chenyewe. Sehemu ya chini ilikuwa na injini katikati na matangi manne kuizunguka, kwa hiyo kila mguu ulipata pahali pake pa kufungwa.

Sasa hilo la kuyumba, ambalo ndilo linalokukera. Kigoda chako huyumba kwa sababu miguu yake ni migumu. Miguu ya chombo kile ilikuwa na shokapu zisizo na mafuta wala springi: ndani mlikuwa na alumini nyembamba iliyoundwa kama sega la nyuki. Kikigonga ardhi kwa nguvu, sega linapondeka na mguu unafupika, kila mmoja kwa kiasi chake. Mguu mkuu uliweza kufupika hadi sentimita 80 hivi. Sega likishapondeka halirudi, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya mara moja tu. Julai 1971 chombo kingine cha aina hiyohiyo, cha safari ya Apollo 15, kilitua ukingoni mwa shimo, kikabaki kimeinama nyuzi 11 hivi, na hakikupinduka.

Mwambie mwanao na hili: Neil Armstrong, aliyekiongoza chombo kile cha 1969, alitua taratibu mno, masega hayakupondeka sana, miguu ikabaki mirefu. Kidato cha mwisho cha ngazi kikawa juu, ikambidi aruke kukifikia alipokuwa anarudi ndani.