Maswali na majibu: Chaneli moja, programu mbili

Nimehamisha modeli ya Hodgkin na Huxley (milinganyo ya umeme wa neva) kutoka NEURON, programu ya kuiga seli za neva, kwenda programu nyingine. Malango ya chaneli (vijia vya ioni kwenye utando wa seli) yanafunguka upesi mno. Kosa liko wapi?

Joto. Umenitajia hadi aina ya kompyuta yako, lakini joto la modeli hukulitaja, na nimeshaandikiwa swali hili vivyo hivyo mara nyingi mno. Milinganyo ya 1952 ni ya aksoni (uzi mrefu wa neva) ya ngisi, kwa nyuzi 6.3 za Selsiasi. NEURON huanza na 6.3 usipoigusa, na chaneli yake ya hh (ya Hodgkin na Huxley) huzidisha kasi za malango mara 3 kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Weka 37, kasi zinapanda karibu mara 29. Fungua pia faili la kila chaneli uliyoipata kwa mtu: mengine hayasomi joto kabisa, mengine yamekwisha kuzidisha ndani kwa ndani. Ukizidisha tena juu yake, hakuna programu itakayokuonya.

Upitishaji wa sodiamu ni 0.12 kwenye NEURON (simensi kwa sentimita ya mraba). Programu yangu inatumia mita na sekunde. Niandike ngapi?

1200, ikiwa inataka upitishaji kwa mita ya mraba. Ikitaka wa kipande kizima cha seli, zidisha kwa eneo la utando wake. Na kasi za malango ziwe kwa sekunde. Wengi hukumbuka la kwanza wakasahau hili.

Spaiki (mapigo ya umeme ya seli) za programu zote mbili zimepandana kabisa. Nimemaliza?

Hujaanza. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu grafu ya spaiki mbili zilizopandana ndiyo watu wanayoileta kama ushahidi, na ushahidi wake ni mdogo. Spaiki moja hudumu milisekunde chache. Mkondo wa Ih, wa aina nyingine ya chaneli, hufunguka polepole, volti inaposhuka chini ya mapumziko. Unaweza kuukosea mara kumi na spaiki isikuonyeshe kitu. Isitoshe, sodiamu iliyozidi na potasiamu iliyozidi zinaweza kufichiana makosa.

Iondoe chaneli kwenye seli. Iweke peke yake kwenye kipande kimoja, ishikilie volti, kisha volti iruke kutoka -100 hadi +40 kwa hatua za milivolti 10. Linganisha mkondo wa kila hatua, na kabla ya hapo linganisha kila lango: linatulia wapi, na linachukua muda gani kutulia. Kwa kalsiamu, angalia kama pande zote mbili zinatumia mlinganyo mmoja. Wa Goldman (unaohesabu viwango vya ioni pande mbili za utando) hautoi mkondo sawa na wa Ohm (wa mstari mnyoofu), hata ukirekebisha vipi. Kisha pima seli isiyo na chaneli hai. Spaiki ije mwisho.

Programu yangu inatoa “nan” (si namba) volti ikifika -40. NEURON haifanyi hivyo.

Kwenye -40 mlinganyo wa alfa (kasi ya kufunguka) ya lango m la sodiamu unakuwa sifuri kwa sifuri. Jibu sahihi ni 1 kwa milisekunde. Kwa lango n la potasiamu ni 0.1, kwenye -55. Andika sharti linalotoa thamani hizo, usisogeze volti kidogo ili tatizo lipotee. Na ukiwa hapo, zima jedwali la hh (thamani zilizokwisha kupigiwa hesabu) ndani ya NEURON kabla ya kulinganisha. Lina hatua ya milivolti 1, na katikati hukadiria kwa mstari mnyoofu.

Spaiki ya kwanza inalingana, ya hamsini imechelewa. Nikubali?

Punguza hatua ya muda kwa nusu katika programu zote mbili, kisha nusu tena. Tofauti ikiendelea kuyeyuka, ni ya mahesabu. Ikigoma kushuka, modeli zako ni mbili tofauti. Fanya vivyo hivyo kwa idadi ya vipande. Wengi hupunguza muda tu, dendraiti (tawi la seli) ndefu wakaiacha na kipande kimoja.

Nikiandika kwa NeuroML (lugha ya kuandikia modeli za neva), nitaepuka haya yote?

Tatizo la vizio, ndiyo, maana kila namba huandikwa na kizio chake. Hatua ya muda bado ni juu yako.