Sura ngapi kwa siku kumaliza Biblia kwa mwaka
Sura tatu kila siku hazitoshi. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na tatu mara siku 365 ni 1,095 tu. Ukisoma kwa mfuatano kuanzia Mwanzo, Desemba 31 itakukuta Wagalatia sura ya 4, Waebrania na Ufunuo hujavigusa! Soma tatu Jumatatu hadi Jumamosi na tano Jumapili: wiki 52 zinakupa 1,196, umemaliza na akiba kidogo. Zaburi 119 ina mistari 176, hiyo igawe siku mbili bila wasiwasi. Ila kwa Biblia ya Kikatoliki, yenye vitabu 73, fanya nne kila siku, maana kuna Tobiti, Yudithi, Yoshua bin Sira na vinginevyo.